Jina Adimu la Babu: Mwongozo wa Kufuatilia Asili, Maana na Wingi wa Jina la Familia Kathiani

Mji wa Machakos umebeba jina la mtu. Masaku alikuwa kiongozi wa Wakamba, na kampuni ya Waingereza ya IBEA ilipoweka kituo chake katika eneo lake mwaka 1889, maafisa wake walilitamka jina hilo walivyoweza na kuliandika walivyolisikia. Masaku ikawa Machakos kwenye ramani, barua na mihuri ya serikali, ikabaki hivyo. Wenyeji mpaka leo wanasema wanakwenda Masaku.

Yaliyolipata jina hilo yameyapata majina mengi ya watu wa Kathiani, upande wa pili wa vilima vya Iveti. Mtoto alipewa jina kwa tukio la siku aliyozaliwa. Alipokuwa mtu mzima karani akaliandika. Mwanawe akalipeleka shuleni, mjukuu akalikuta kwenye kitambulisho, na sasa kitukuu anauliza maana yake na hapati wa kumjibu.

Mwenye jina la Mutua au Musyoka atakutana na wenzake katika kila soko la Ukambani. Lakini yuko pia mwenye jina ambalo hajawahi kulisikia nje ya boma lao. Kama ni wewe, mwongozo huu ni wako, na usiuone uadimu wa jina lako kuwa kikwazo. Jina lenye wenyewe wachache hufuatika kwa urahisi kuliko la maelfu, maana karibu kila mahali utakapolikuta limeandikwa, huenda umemkuta mtu wa kwenu.

Jua kwanza unachokifuatilia

Katika nchi nyingi jina la mwisho hushuka kutoka kwa baba hadi kwa mwana bila kubadilika. Hispania ni mfano mzuri. Majina yanayoishia na -ez, kama Fernández au Rodríguez, hapo mwanzo yalimaanisha mwana wa Fernando au mwana wa Rodrigo, kisha yakaganda karne nyingi zilizopita. Mhispania hubeba majina mawili ya familia, la baba na la mama, na idara ya takwimu ya taifa, INE, huonyesha idadi ya watu wenye kila jina, mradi jina hilo lina wenyewe wasiopungua 20 nchini kote. Mwenye jina adimu huko huanzia kwenye takwimu na ramani ya mikoa.

Kathiani mambo yamekwenda njia nyingine. Ukoo wa Kikamba, yaani mbai, haumo kabisa kwenye kitambulisho. Anzauni, Atangwa, Aombe, Aethanga, Amutei, Akitutu: haya ndiyo majina ya koo, na ndiyo yanayoamua nani ni ndugu ya nani na nani hawezi kuoana na nani. Jina la mwisho kwenye kitambulisho kwa kawaida ni jina la baba au la babu, lile alilopewa yeye mwenyewe utotoni. Ndiyo maana kina Mutua wawili wanaweza kuwa hawana undugu wowote, na watoto wa ndugu wawili wa tumbo moja wakaandikwa kwa majina ya mwisho tofauti kabisa.

Zaidi ya hapo, jina la Kikamba huruka kizazi. Kwa desturi mvulana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama. Wasichana nao hufuata nyanya zao vivyo hivyo. Watoto wanaofuata hupewa majina ya nyakati na matukio. Tuseme mtu aliitwa Kyalo na mwanawe Makau. Mwana wa Makau ataitwa Kyalo, na mwana wa huyo naye Makau. Majina mawili yatapokezana kwa miaka mia moja. Papo hapo jina la Kyalo litavuka kupitia binti zake na kuingia katika koo nyingine, kwa sababu wao pia watawapa wana wao wa pili jina la baba yao.

Kwa hiyo weka lengo lako wazi tangu mwanzo. Unamtafuta mtu wa kwanza ambaye jina hilo lilizaliwa pamoja naye, yule ambaye hakurithishwa na mtu. Ukimpata huyo, asili na maana huja pamoja.

Vunja jina vipande

Majina mengi ya Kikamba yana mzizi unaoeleweka, na msomaji wa Kiswahili tayari anajua nusu yake bila kujua kwamba anajua. Wambua na Mumbua wanatokana na mbua, mvua. Mueni ni mgeni. Mutuku anatokana na utuku, usiku. Mwanzia ana nzia ndani yake, njia, na Nzilani, jina la kike, linabeba nzila, umbo jingine la neno lilo hilo. Kioko ni asubuhi, Nthenya ni wa mchana, Kyalo ni safari, na Makau ni vita. Musyoka, Musyoki, Nzioka na Kasyoka wote wanatokana na kusyoka, yaani kurudi. Mara nyingi jina hilo lilimpokea mtoto aliyezaliwa baada ya kifo katika familia, kana kwamba aliyeondoka amerejea.

Fuata hatua hizi.

Kwanza, tenga kiambishi cha mwanzo. Mu- na Ki- huonekana sana kwa wanaume, Ka- huonekana kwa wanawake wengi, na Wa- ni ya wote. Syo- ni alama ya jina la kike: Syombua, Syokau, na Syokimau, mtabiri ambaye Wakamba husimulia kwamba aliona ujio wa reli kabla haijafika. Kama jina lako la mwisho linaanza na Syo-, huenda familia yenu inaitwa kwa jina la mwanamke, na hiyo ni habari kubwa. Ukambani kulikuwa, na bado kuna, ndoa ya iweto, ambapo mwanamke asiye na mtoto wa kiume huoa mwanamke mwenzake ili apate watoto wa kuendeleza nyumba yake. Uliza kama jina lenu lilianzia hapo.

Pili, tafuta irabu zilizopotea. Kikamba kina irabu saba, na maandishi yake sanifu huweka alama juu ya i na u ili kuzitofautisha. Kitambulisho hakina alama hizo. Mtu wa Kathiani anayelitamka jina vizuri atakupa kile ambacho karatasi haina, kwa hiyo lisikie jina kwa sikio kabla ya kulifungulia kamusi.

Tatu, jihadhari na maneno yanayofanana na ya Kiswahili. Mwende halihusiani na kwenda mahali. Kwa Kikamba kwenda ni kupenda, na Mwende ni mpendwa. Wayua si mtoto wa jua. Yua ni njaa kuu, ukame uliokumba nchi, nalo jua la mbinguni huitwa syua. Kosa la herufi moja linaweza kumgeuza nyanya aliyezaliwa katika dhiki kuwa nyanya wa mwangaza.

Tena neno moja huweza kubeba maana mbili. Mfano wa karibu ni wa Wavinya Ndeti, aliyekuwa mbunge wa Kathiani kabla ya kuwa gavana wa Machakos mwaka 2022. Vinya ni nguvu, na pia ni neno linalotumika kwa jambo lililopatikana kwa shida. Kamusi itakupa maana zote mbili. Ni wazee wa familia tu wanaoweza kukwambia ni ipi iliyokusudiwa kwa Wavinya wa kwanza wa nyumba yao, na hali ni hiyo hiyo kwa jina lako.

Kwa msaada wa maandishi, vipo vitabu vinne vya kutafuta katika maktaba kubwa. Mwanazuoni wa Uswidi Gerhard Lindblom alikaa Ukambani mwaka 1911 na 1912, akaandika kitabu kinene kuhusu maisha ya Wakamba, pamoja na desturi za majina. John Mbiti, aliyezaliwa Kitui mwaka 1931, alichapisha msamiati wa Kikamba mwaka 1959. Mwaka 1969 akatoa kitabu chake mashuhuri kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, na humo ameeleza kwamba mtoto wa Kikamba hupewa jina siku ya tatu, na siku ya nne baba humvika mkufu shingoni ndipo ahesabiwe kuwa mtu kamili. Na Biblia ya Kikamba, iliyokamilika mwaka 1956, ni hazina nzuri ya maneno ya kale kwa anayejua kuyatafuta.

Kaa na wazee, uulize inavyofaa

Nenda mapema, salimu kwa Kikamba kama unakijua, na usitoe kalamu kabla ya kueleza wewe ni mtoto wa nani. Mzee atataka kukuweka mahali pako kabla ya kukupa habari. Mwambie mbai yako. Kama huijui, hilo ndilo swali la kwanza la kumuuliza.

Kuna desturi moja ambayo watafiti wengi huivunja bila kujua. Heshima ya Kikamba, nthoni, humzuia mke kutamka jina la baba mkwe wake. Ndiyo sababu mama aliyempa mwanawe jina la babu mzaa baba mara nyingi hamwiti kwa jina hilo. Humwita Nau, yaani baba, naye binti aliyeitwa kwa jina la nyanya huitwa Mwaitu, mama. Ukimwendea bibi wa miaka 80 ukamtaka akutajie jina la baba wa mumewe, umemweka pabaya. Waendee dada za marehemu, binti zake au wajukuu zake. Bibi muulize mambo mengine: alipoolewa alikuta nani hai, shamba lilikuwa wapi, maji yalitekwa wapi.

Usiulize mwaka wa kuzaliwa. Uliza njaa. Wakamba waliipa kila njaa kubwa jina lake, na majina hayo ni kalenda kamili. Yua ya Ngomanisye iliua watu wengi mwishoni mwa karne ya 19, mnamo 1898 na 1899, reli ilipokuwa ikikaribia Nairobi. Njaa ya makonge ilikuwa ya miaka ya 1940, watu walipotegemea mkonge kupata chakula. Mwaka 1961 ilikuja njaa iliyoitwa ya atta, kwa ajili ya unga wa msaada, na wengine wakaiita ya ndeke, kwa ajili ya ndege zilizoleta chakula. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikaja nikw'a ngwete: nafa nikiwa nimeshika fedha mkononi, kwa kuwa hata mwenye pesa hakupata cha kununua. Mzee akikwambia babu yako alikuwa mchunga mbuzi wakati wa Ngomanisye, tayari unajua alizaliwa mnamo miaka ya 1880 au mwanzo wa 1890.

Maswali yanayozaa matunda ni haya: Nani mwingine aliwahi kuitwa jina hili? Alirithi kwa nani, au alipewa kwa tukio? Alikuwa na jina jingine alipokuwa kijana? Alitoka kilima gani kabla ya kuhamia hapa? Swali la jina jingine usiliruke. Majina adimu mara nyingi yalianza kama jina la utani, la ngoma, la kazi au la safari, likalifunika lile la kuzaliwa. Na jina la kuzaliwa lililofunikwa huenda ni la kawaida kabisa.

Nenda kwenye karatasi

Anza na karatasi za nyumbani: vyeti vya ubatizo, kadi za kliniki, stakabadhi za chama cha ushirika cha kahawa, kadi za uanachama wa kanisa, picha zilizoandikwa nyuma. Kisha toka nje kwa utaratibu.

Kipande, kitambulisho cha wakati wa ukoloni, kilianza kutumika kwa wanaume Waafrika kuanzia 1920, baada ya sheria ya mwaka 1915, na kwa wengi ndiyo karatasi ya kwanza iliyobeba majina yao. Wanawake wa Kenya walianza kuandikishwa kupata vitambulisho mwaka 1978 tu. Kwa hiyo ukifuata upande wa mama, usitegemee vitambulisho kwa miaka ya kabla ya hapo. Tegemea vitabu vya kanisa, ambavyo havikubagua.

Kitabu cha ubatizo hubaki katika kanisa ambamo mtu alibatizwa, hata kama baadaye alihamia mbali. Kwa Wakatoliki kumbuka kwamba Jimbo la Machakos liliundwa mwaka 1969. Majina ya kabla ya hapo huenda yako katika parokia mama iliyohudumia eneo kubwa zaidi. Kwa waumini wa AIC (Africa Inland Church), uliza wazee wa kanisa ni kituo gani kilichowabatiza wazazi wao, kwa kuwa misheni hiyo ilianzia Nzaui mwaka 1895 na kusambaa kutoka hapo.

Gazeti rasmi la serikali, lililoanza mwaka 1899, ni chimbuko ambalo familia nyingi hulisahau. Ndani yake mna matangazo ya mirathi, yanayotaja jina kamili la marehemu, mahali alipoishi na warithi wanaoomba. Mna pia matangazo ya hatimiliki zilizopotea na ya watu waliobadilisha majina kisheria. Matoleo mengi ya zamani yanapatikana bure kwenye intaneti na yanatafutika kwa neno. Jina la kawaida litakuletea kurasa zisizoisha. Jina adimu likikuletea matangazo matatu, yasome yote matatu neno kwa neno.

Kwa ardhi, nenda kwenye ofisi ya msajili wa ardhi mjini Machakos ukiwa na nambari ya shamba. Rekodi ya usajili wa kwanza huonyesha nani alitambuliwa kuwa mwenye shamba, na mara nyingi huyo ndiye mzee ambaye jina lake mnalibeba. Kwa ripoti za wilaya za wakati wa ukoloni, Nyaraka za Taifa ziko Nairobi, Moi Avenue. Kama babu alikufa vitani akiwa askari wa KAR (King's African Rifles), tafuta katika orodha ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, iliyo wazi kwa kila mtu kwenye intaneti.

Popote utakapotafuta, andika jina kwa kila tahajia inayowezekana. Musyoka ameandikwa Musioka, Nzioka ameandikwa Nzyoka, Kyalo ni Kialo, Syombua ni Siombua. Tengeneza orodha ya tahajia kabla ya kuondoka nyumbani. Aliyeiandika Masaku kuwa Machakos hakuwa karani wa mwisho kukosea.

Pima wingi wake

Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu Wakamba 4,663,910, na Kaunti ya Machakos peke yake ilikuwa na watu 1,421,932. Matokeo yake yanapanga watu kwa kabila, umri na makazi, na hayana jedwali la majina kama lile la INE. Kwa hiyo wingi wa jina utaupima mwenyewe, na jambo la kuhesabu ni nyumba.

Chukua eneo dogo, tuseme Mitaboni, Kaani au Iveti, kisha uulize katika kila kijiji kama kuna mtu mwenye jina hilo, liwe la kwanza au la mwisho. Watu 20 wenye jina moja wanaweza kuwa wajukuu wa mtu mmoja. Watu wanne katika vilima vinne tofauti, kila mmoja na mbai yake, wanaonyesha kwamba jina lilizaliwa zaidi ya mara moja. Huu ndio mpaka kati ya jina lililo adimu kwa sababu lina chimbuko moja, na jina lililo adimu kwa sababu watu wameacha kulitoa.

Aina hiyo ya pili inaongezeka. Wazazi wengi siku hizi humpa mtoto jina la Kikristo na jina moja tu la Kikamba, na mara nyingi huchagua yale yanayopendwa: Mwende, Mumo, Mutua. Jina la njaa au la msiba hupumzishwa. Likipumzishwa vizazi viwili, hakuna wa kulikumbuka.

Ukitaka kuona daftari za shule au za ushirika, omba ruhusa kwa maandishi na ueleze unachotafuta. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inalinda habari za watu binafsi, na mwenye ofisi ana haki ya kukukatalia.

Usidanganywe na mfanano

Kuna simulizi inayorudiwa mara kwa mara kwamba wapo Wakamba nchini Paraguay. Karibu na mji mkuu, Asunción, ipo jamii ya watu weusi iitwayo Kamba Kuá, ambayo wazee wake wa kwanza walifika mwaka 1820 pamoja na kiongozi wa Uruguay, José Gervasio Artigas. Wana majina ya familia ya Kihispania na ngoma za asili ya Kiafrika. Lakini katika lugha ya Kiguarani inayozungumzwa huko, kamba ni neno la kumtaja mtu mweusi. Herufi zimefanana na za kwetu, na neno lina chimbuko lake huko huko.

Kumbuka mfano huo unapokuta jina lako kwenye intaneti likiwa Nigeria, Ufilipino au Hispania kwenyewe. Hesabu mfanano kuwa asili pale tu unapoweza kutaja mtu aliyelibeba jina kutoka huko hadi huku, na wakati alipolibeba. Kwa majirani wa karibu, ambao kweli waliingiliana na Wakamba kwa biashara, ndoa na vita, Wakikuyu na Wamaasai, uliza wazee kama mwenye jina la kwanza aliwahi kuishi kwao.

Andika, kisha gawa

Tengeneza karatasi moja kwa kila mtu aliyebeba jina hilo. Weka jina kama linavyotamkwa, pamoja na alama za irabu, na tahajia zote ulizozikuta. Weka mbai, kilima alikozaliwa, njaa iliyo karibu na kuzaliwa kwake, aliyerithi jina kutoka kwake, na aliyekupa habari. Maana ya jina iandike mara mbili: ile ya neno lenyewe, na ile ya tukio kama ilivyosimuliwa. Wazee wawili wakitofautiana, andika kauli zote mbili na jina la kila msemaji.

Ukigundua kwamba kitambulisho chako kina tahajia iliyokosewa na ungependa kuirudisha ile ya babu, sheria inakuruhusu kubadilisha jina kwa hati ya kubadilisha jina (deed poll) inayosajiliwa na kutangazwa katika gazeti rasmi. Kabla ya hatua hiyo, hesabu vyeti vyote vitakavyohitaji kurekebishwa: vya shule, vya ndoa, vya benki na vya shamba. Wengi huamua kuacha kitambulisho kilivyo na kumpa mtoto anayefuata jina kwa tahajia sahihi tangu cheti cha kuzaliwa.

Toa nakala za karatasi hizo kwa ndugu wasiopungua watatu wanaokaa sehemu tofauti, mmoja wao awe kijana. Andika juu yake tarehe uliyozungumza na kila mzee, kisha urudi kwake na nakala umsomee kwa sauti. Hapo ndipo mara nyingi atakapokukatiza na kutaja jina ambalo siku ya kwanza hakulikumbuka.